Usalama wa Mashua Huanzia Nchi Kavu

Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Themi, Arusha



Leo tutazungumza juu ya mashua ya injini: namna ya kuiendesha kwa usalama, na namna ya kuitunza injini yake ili idumu. Tunaona baadhi yenu mmeanza kunong'onezana. "Sisi ni watu wa mlimani. Tunalima migomba na kahawa, tunauza mboga mjini. Mashua ya nini hapa?" Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwanza.

Mto wetu wa Themi unatoka Mlima Meru, unapita Arusha mjini, unateremka tambarare na kuingiza maji yake katika mto Kikuletwa. Kikuletwa nao unaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo maji huendelea kwa mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Bwawa lile likijaa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100, na limepakana na wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro. Perege wa bwawa lile wanaliwa mpaka huku kwetu. Kwa hiyo maji yanayopita hapa chini ya daraja leo, baada ya siku chache yanabeba mitumbwi na mashua za wavuvi huko chini. Na vijana wetu nao wanayafuata maji hayo. Wako wanaokwenda kuvua, na wako wanaochanga fedha kununua mashine wakiwa bado huku huku mlimani.

Tena, hata asiyevua atasafiri. Atakwenda Mwanza kumwona dada yake, atavuka kwenda Ukerewe au Unguja. Siku hiyo atakuwa abiria. Abiria asiyejua kitu hukubali kila anachoambiwa.

Basi neno letu la leo ni moja, nanyi mlishike: kinachoua injini ndicho kinachoua watu, nacho ni haraka ya ufukweni. Yale yote yanayotakiwa kukaguliwa, kupimwa na kukataliwa, yafanyike chombo kikiwa bado kimeegeshwa. Ukishafika katikati ya maji, umechelewa.

MASHUA SI PIKIPIKI

Wengi wetu tumezoea pikipiki na mashine za kusaga. Pikipiki ikizimika njiani, utashuka, utaisukuma kando, utakaa chini ya mti na kumpigia simu fundi. Mashine ya kusaga ikigoma, akina mama watasubiri au watakwenda kwa jirani. Watanung'unika, lakini hakuna atakayekufa.

Mashua haina kando ya barabara. Injini ikizimika, upepo unaichukua unakotaka wenyewe. Chombo kinageuka, mawimbi yanakipiga ubavuni. Maji yanaanza kuingia. Watu wanashikwa na hofu, wanasimama, wanakimbilia upande mmoja, na chombo kinapinduka. Angalieni mfuatano huo, ndugu zangu. Umeanza na plagi chafu ya bei ndogo, umeishia matangani.

Ndiyo maana hatutaki kutenganisha somo la injini na somo la usalama. Anayesema, "Mimi ni fundi tu, mambo ya abiria hayanihusu," hajaelewa kazi yake. Anayesema, "Mimi ni nahodha, mambo ya oili ni ya fundi," naye vilevile.

IJUE MASHINE YAKO INAKULA NINI

Injini ndogo zinazotundikwa nyuma ya mashua, ambazo wavuvi wengi huziita mashine, ni za aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni ya mipigo miwili. Nyingi za aina hii hulainishwa na oili inayochanganywa ndani ya petroli. Aina ya pili ni ya mipigo minne. Hii oili yake hukaa ndani ya injini, kama ya gari, na hupimwa kwa kijiti. Petroli yake haichanganywi na oili hata kidogo.

Sasa tazameni hatari iliyopo. Ukiipa mashine ya mipigo miwili petroli tupu, pistoni itasuguana na silinda bila kulainishwa. Itapata moto mkali, itakwaruzika na mwisho itakwama. Mafundi husema, "Imenoki." Kazi hiyo haihitaji mwaka mzima, huweza kutokea katika safari moja tu. Fedha za kikundi, zilizochangwa kwa miezi mingi, zinaisha kwa dumu moja la petroli.

Utajuaje mashine yako ni ya aina gani? Soma! Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Kuna kibandiko kwenye mashine na kuna kitabu kinachokuja nayo. Usikubali kununua mashine bila kuulizia kitabu chake. Na kama kimeandikwa kwa lugha usiyoijua, basi kumbuka kwamba namba hazina lugha. Tafuta pale palipoandikwa 50:1 au 25:1. Mwombe anayeijua lugha hiyo akusomee maelezo yake, nawe uyaandike kwa Kiswahili katika daftari lako. Mashine nyingi za mipigo miwili zikiwa mpya hutaka oili zaidi katika saa za mwanzo, kisha hupunguziwa. Kitabu ndicho kitakachokuambia kiasi na muda, si jirani yako mwenye mashine ya aina nyingine.

Haya, tufanye hesabu pamoja. Tuseme kitabu kinataka 50:1. Maana yake, petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1. Lita moja ni mililita 1000. Gawanya kwa 50, unapata 20. Basi kila lita ya petroli inataka mililita 20 za oili. Dumu la lita 10 linataka mililita 200. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Hesabu hii ni nyepesi, na kila aliyehitimu hapa anaiweza. Lakini tumia chombo chenye mistari ya kipimo. Usikadirie kwa jicho, wala kwa kizibo, wala kwa chupa uliyoiokota. Tia kwanza petroli kidogo, ongeza oili yote, tikisa vizuri, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Oili nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa mashine za mashua za aina hiyo. Oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye gari ni uchafu, si oili.

PETROLI IWE SAFI

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya dumu. Ukimimina mpaka tone la mwisho, unaimiminia mashine maji na mchanga. Chuja petroli kwa mrija wenye wavu mwembamba, na yale mabaki ya chini usiyatie kwenye tangi.

Jazeni petroli ufukweni, injini ikiwa imezimwa na abiria wakiwa wameshuka. Tangi linalohamishika litolewe chomboni na kuwekwa chini. Asiwepo mtu mwenye sigara, wala jiko, wala taa ya moto karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu kama moshi wa kuni. Hushuka na kutulia kwenye sakafu ya mashua, mahali usipouona. Cheche moja tu inatosha.

MASHINE INAYWESHWA MAJI

Pikipiki hupozwa na upepo. Gari hupozwa na maji ya rejeta. Mashine ya mashua karibu zote hupozwa na maji ya ziwa lenyewe. Chini, kwenye mguu wa mashine, pana matundu madogo. Maji huingia hapo, huvutwa juu na pampu yenye gurudumu dogo la mpira, huzunguka ndani ya injini na kutoka nje. Sehemu ya maji hayo hutoka kama uzi mwembamba nyuma ya mashine. Wavuvi husema mashine inakojoa.

Mkojo huo ndio daktari wako. Ukiwasha mashine, kitu cha kwanza utazame hapo. Maji yakitoka kwa nguvu, mashine ni nzima. Yasipotoka, zima mara moja. Usiseme, "Ngoja tufike tu." Mara nyingi ni jani, gugu, tope au kipande cha mfuko wa plastiki kimeziba matundu. Inua mguu wa mashine, safisha, jaribu tena. Ukiendelea kuiendesha bila maji, itaungua kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.

Kwa sababu hiyohiyo, usiwashe mashine nchi kavu "kuisikiliza". Ule mpira wa pampu hulainishwa na maji, na ukizunguka mkavu hukatika upesi. Ukitaka kuijaribu nyumbani, mguu wake uzamishwe katika pipa la maji kupita yale matundu, panga boi liwe limefunguliwa, na watoto wawe mbali. Na anayevua baharini, akirudi aisafishe mashine ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi hula chuma polepole.

PINI NDOGO ILIYOWEKWA IVUNJIKE

Kwenye rafadha, yaani panga boi, mashine nyingi ndogo zina pini laini. Panga boi likigonga jiwe au kisiki, pini hiyo hukatika. Watu hukasirika wakidhani wameuziwa kitu kibovu. La, ndugu zangu. Pini imewekwa makusudi ivunjike yenyewe ili gia za ndani zipone. Wako wanaochomeka msumari mahali pake. Siku ya pili panga boi likigonga, msumari haukatiki, zinakatika gia. Beba pini za akiba mbili au tatu, na koleo la kuzifungia.

Oili ya gia za mguu nayo isisahauliwe. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita, na mapema zaidi mashine ikiwa mpya. Ukiifungua ukaona imekuwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Mwite fundi kabla ya safari nyingine.

KABLA YA KUSUKUMA CHOMBO

Tunawaomba mambo haya myaandike kwenye ubao na kuyatundika pale mashua inapofungwa. Kila asubuhi mmoja ayasome kwa sauti, mwingine akague.

1. Skrubu zinazoibana mashine zimekazwa, na mashine imefungwa kwa kamba au mnyororo kwenye mashua ili isidondoke majini.

2. Petroli ni ya kutosha. Gawanyeni kwa tatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la akiba lisiloguswa.

3. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa. Ikifungwa, petroli haitashuka, na mtavuta kamba ya kuwashia mpaka mikono iume.

4. Plagi ya akiba, spana ya plagi, pini, bisibisi na kamba ya kuwashia ya akiba vimo ndani ya mfuko usiopitisha maji.

5. Makasia mawili yamo. Mashine si sababu ya kuacha makasia nyumbani.

6. Kopo la kukumbia maji, nanga na kamba ndefu vimo.

7. Kila mtu ana koti la kuokolea, nalo limevaliwa na kufungwa. Koti lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Dumu tupu lenye kizibo hufaa kurushiwa aliyetumbukia, lakini si badala ya koti.

8. Hali ya hewa imesikilizwa redioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza upepo na mawimbi. Na mtu mmoja aliyebaki nchi kavu anajua mnakokwenda na saa ya kurudi.

Kazi yote hiyo haimalizi robo saa.

MKIWA MAJINI

Washa mashine gia ikiwa fri, yaani si ya mbele wala ya nyuma. Kama ina kamba ya kuzimia, ifunge mkononi kabla ya kuvuta. Nahodha akitumbukia, kamba hiyo huizima mashine. Bila kamba, mashua huendelea kwenda peke yake, mara nyingi ikizunguka, na panga boi humrudia yule yule aliyetumbukia.

Abiria wakae chini, mzigo uwe katikati na chini. Mawimbi yakikua, punguza mwendo na uyaelekee kwa omo, yaani mbele ya chombo, kwa kuyakata kidogo kwa upande. Usiyape ubavu. Ukimkaribia mtu aliye majini ili kumwokoa, zima mashine kwanza. Panga boi ni upanga kweli. Mrushie kamba au dumu. Kumrukia mtu anayezama ni kuongeza maiti, ikiwa hukufundishwa.

Chombo kikipinduka, msikiache. Mashua ya mbao mara nyingi huelea hata ikijaa maji. Shikeni ubavu wake, hesabuni watu, ngojeni msaada pamoja. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na wengi wamekufa kwa kuufuata wakiogelea. Sisi wa mlimani, ambao wengi wetu hatujui kuogelea kabisa, jambo hili tulishike mara mbili.

Na mashine ikizama kisha ikaopolewa, usiiwashe hapohapo. Ioshe kwa maji safi, toa plagi, mwaga maji yaliyo ndani, ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

NANI ATASEMA "HAPANA"?

Sasa tumefika penye jambo zito.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wilaya ya Ukerewe. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Waliookolewa walikuwa 41. Jumlisheni wenyewe. 228 na 41 ni 269. Toeni 101. Watu 168 zaidi ya uwezo wake! Hesabu hiyo ni ya darasa la kisomo. Ingeweza kufanywa gatini, chombo kikiwa bado kimefungwa.

Tulipofika hapo, mzee mmoja alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, hesabu tunaijua. Lakini kijana wangu ni nahodha wa kuajiriwa. Mwenye mashua akimwambia 'Pakia,' akakataa, kesho ataletwa kijana mwingine. Utamlisha wewe?"

Ukumbi ulinyamaza. Mzee wetu alisema kweli, na jibu la "awe jasiri tu" lisingemtosha. Tulimjibu hivi.

Shida hiyo ni ya zamani, tena ya dunia nzima. Uingereza, miaka ya 1870, wenye meli walikuwa wakizipakia kupita kiasi. Mabaharia waliokataa kusafiri nazo walifungwa jela. Mbunge mmoja aitwaye Samuel Plimsoll alipigania jambo lao, na mwaka 1876 ikapitishwa sheria kwamba kila meli ichorwe mstari ubavuni: mzigo ukiuzamisha mstari, meli isiondoke. Lakini tazameni walivyoteleza. Sheria ile ilimwachia mwenye meli mwenyewe achague mahali pa kuchora! Haikuwa mpaka mwaka 1890 ndipo wakaguzi wa serikali walipopewa kazi ya kuamua mstari ukae wapi.

Tunajifunza nini? Kwanza, mstari hausemi kwa hofu. Hauna mtoto wa kulisha, hautishiwi kufukuzwa. Pili, mstari usichorwe na yule anayepata faida ya mzigo.

Kwa hiyo, enyi mnaochanga kununua mashua, andikeni kanuni kabla ya kununua, si baada ya ajali. Andikeni idadi ya watu na uzito wa mzigo, kama mlivyoambiwa na mkaguzi. Katika nchi yetu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini huku Bara. Pelekeni chombo kikaguliwe na kipate cheti. Idadi ile ipakwe rangi ubavuni mwa mashua, kwa tarakimu kubwa, kila abiria aione. Kisha wanachama wote watie sahihi kanuni hii: "Nahodha akikataa kuondoka kwa sababu ya mzigo, hali ya hewa au ubovu wa mashine, hatafukuzwa wala hatakatwa fedha." Karatasi hiyo ikae kwa katibu, na nakala iwe kwa viongozi wa wavuvi wa mwalo.

Hapo kijana wetu hasemi "Mimi nakataa." Anasema, "Kikundi kimekataa, soma hapa." Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli: majini nahodha awe mmoja. Lakini nchi kavu, tumsaidie wote kusema hapana.

Na wewe abiria, una jicho. Soma idadi iliyoandikwa ubavuni, hesabu vichwa. Ikizidi, shuka. Utacheleweshwa, utachekwa, labda utapoteza nauli. Ukishafika nyumbani salama, cheko hilo utalisimulia mwenyewe.

DAFTARI LA MASHINE

Neno la mwisho. Nunueni daftari moja la kawaida. Chora safu sita: tarehe, lita za petroli, mililita za oili, saa za kazi, idadi ya watu, na matengenezo. Kila jioni nahodha ajaze mstari mmoja na kutia sahihi.

Daftari hilo litawaambia lini saa 100 zimetimia na oili ya gia ibadilishwe. Litawaonyesha kama mashine imeanza kula petroli zaidi, jambo ambalo ni dalili ya ugonjwa. Litamaliza ugomvi wa kikundi, maana fedha ya petroli itaonekana ilikokwenda. Na safu ile ya idadi ya watu itamkumbusha nahodha kila jioni kwamba atatakiwa kuandika namba ya kweli.

Wako wanaotuuliza kisomo cha ukubwani kina faida gani kwa mtu mwenye mvi. Faida mojawapo ni hiyo. Mtu anayeweza kusoma namba ubavuni mwa mashua, kupima oili na kutia sahihi kanuni ya kikundi chake, hadanganywi kirahisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mashua huzibwa nchi kavu.



MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mashine inataka mchanganyiko wa 50:1. Mna lita 15 za petroli. Mtatia mililita ngapi za oili?

2. Mashine imewaka, lakini haikojoi. Mtafanya nini kwanza? Kwa nini?

3. Mashua ina uwezo wa watu 12. Wamepanda 11, na mgonjwa mmoja amekuja na ndugu zake watatu. Nahodha afanye nini, na wanachama wamsaidieje?

4. Andikeni kanuni tano za kikundi chenu juu ya mashua, pikipiki, pampu ya maji au mashine yoyote mnayoimiliki pamoja. Someni kwa sauti, kubalianeni, kisha kila mmoja atie sahihi.